Baruti moja, kaliba kadhaa: maswali ninayoulizwa kila msimu wa kuwinda

Ndugu zangu, mimi nimekulia Arusha ila sasa hivi nipo Minnesota, nawinda kulungu wale wa mkia mweupe kila Novemba na risasi zangu najaza mwenyewe mezani kwangu. Kila ikifika Septemba simu zinaanza, mara kaka wa Texas mara dada wa Ohio, na maswali ni yaleyale ya kujaza risasi za bunduki kadhaa kwa baruti moja, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote. Sijaandika kipimo hata kimoja cha kupakia, na sababu utaiona mbele.

Kurilodi ni nini hasa, kwa mtu ambaye hajawahi kuona?

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kule chini ya kuwashia baruti, baruti ndani, na kichwa mbele. Ukipiga, kichwa kinaondoka, baruti inaungua, fataki inakufa, ila ganda linabaki na bado ni zima. Kurilodi ni kuliokota lile ganda, unalisafisha, unalirudisha umbo kwa dai (kalibu ya chuma) na presi ya kulikandamizia, unatoa fataki iliyokufa unaweka mpya, unapima baruti kwa mizani, unakandamiza kichwa kipya. Marekani watu wanafanya hivi nyumbani tangu zamani kabisa na duka lolote kubwa la wawindaji lina rafu nzima ya hivi vitu.

Kweli baruti moja inaweza kutumika kwenye bunduki tatu nne tofauti?

Ndiyo, na wala sio ujanja wa mtaani, watengenezaji wenyewe wanachapisha vipimo vya baruti hiyohiyo kwa makumi ya kaliba, yaani aina za risasi kama .223 au .308. Ila hapa ndipo watu wanapoteleza, baruti ni moja lakini kipimo sio kimoja. Kila kaliba, na kila uzito wa kichwa ndani ya kaliba hiyo, una kipimo chake cha kuanzia na cha mwisho. Fikiria unga mmoja wa sembe, unapika uji na unapika ugali, unga ni uleule ila hakuna mama anayeweka kiasi kilekile kwenye sufuria zote mbili.

Kwa nini isiwe baruti yoyote tu? Si zote zinawaka?

Zinawaka ndio, ila kwa kasi tofauti sana. Baruti isiyo na moshi hailipuki kama watu wanavyodhani, inaungua haraka sana ikiwa imebanwa, na jinsi presha inavyopanda ndivyo inavyozidi kuungua haraka. Watengenezaji wanaichezea kasi kwa ukubwa na umbo la punje na kwa kuipaka dawa juu ili moto usiingie kwa pupa. Baruti za bastola zinaungua haraka mno, za bunduki kubwa kama 7mm Remington Magnum zinaungua taratibu, na katikati hapo kuna kundi la kasi ya wastani ambalo ndio letu leo.

Sasa ganda moja linataka kasi gani? Angalia vitu viwili, ujazo wa ganda na upana wa tundu la mtutu. Ganda kubwa lenye tundu jembamba ni kama watu wengi wanaotaka kutoka kwenye mlango mmoja mdogo, ukiwakimbiza wote kwa pamoja wanabanana, kwa hiyo unataka baruti ya taratibu. Tundu likiwa pana, kichwa kinasogea mbele na nafasi inafunguka upesi, hapo unaweza kutumia baruti ya haraka zaidi hata kama ganda ni kubwa. Mfano ninaoupenda ni .375 H&H Magnum ya mwaka 1912. Waingereza baadaye walilichukua ganda hilohilo wakalibana shingo likawa .300 H&H, ganda ni karibu lilelile, ila .375 inakula vizuri baruti za kasi ya wastani na .300 inataka za taratibu zaidi. Tofauti ni tundu tu. Ukishaelewa hilo, kile kitabu cha vipimo kinaanza kusomeka kama hadithi, sio kama jedwali la kukariri.

Na usichukulie mchezo. .308 Winchester kiwango chake cha juu cha presha hapa Marekani ni 62,000 psi (ratili kwa inchi ya mraba). Tairi ya gari dogo ni kama 32. Hiyo 62,000 inatokea karibu kabisa na uso wako.

Basi zipi hizo za kasi ya wastani?

Wanaorilodi huku utawasikia wanataja majina haya: Varget, H4895, IMR 4895, IMR 4064, Reloder 15, na zile za punje za mviringo kama Winchester 748, BL-C(2) na CFE 223. Zote zimekaa eneo moja la kasi ila hazifanani, na hakuna ruhusa ya kubadilisha moja kwa nyingine kwa sababu tu zimeandikwa jirani kwenye chati.

4895 ina historia nzuri kidogo. Ni baruti ya jeshi la Marekani, ilitumika kwenye .30-06 za vita ya pili ya dunia, vita ilipoisha serikali ikabaki na mabaki tele na bwana mmoja wa Kansas, Bruce Hodgdon, akayanunua akaanza kuwauzia watu wa kurilodi. Kampuni ya Hodgdon imeanzia hapo. Siku hizi Varget na H4895 zinatengenezwa Australia, Mulwala, halafu zinaletwa huku kwa jina la Hodgdon, ndio maana meli zikichelewa au viwanda vikibanwa na oda za kijeshi rafu zinakuwa tupu.

Nina .223, .308 na .30-06. Nichukue ipi?

Hii ndio hali ya wengi wetu, .223 ya kupigia mbweha wa huku na mazoezi, .308 au .30-06 ya kulungu. Mimi natumia Varget kwenye zote tatu. Kwenye .308 iko nyumbani kabisa. Kwenye .30-06 inakwenda vizuri na vichwa vya greni 150 hadi 168 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), ukipanda kwenye 180 na kuendelea utaona kitabuni kwamba baruti za taratibu zaidi kama H4350 zinakupa mwendo mkubwa zaidi kwa presha ileile. Kwenye .223 inapendeza na vichwa vizito, greni 69 na 77, maana vyepesi vile vya 55 ganda linajaa mpaka mdomoni kabla hujafikia mwendo ambao baruti ya haraka kidogo ingekupa.

Kero yake nikuambie mapema, punje za Varget ni vijiti, na shingo ya .223 ni nyembamba, zinakwama kwenye faneli zinajenga kama daraja halafu zinadondoka zote kwa mkupuo. Unaweza kupata ganda moja lina pungufu na linalofuata limejaa mpaka linamwagika mezani. Dawa ni kupima kila chaji, yaani baruti ya risasi moja, kwa mizani, kugonga faneli kidogo, na ukimaliza trei nzima unawasha tochi unachungulia kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Kila ganda. Ukiona uvivu unakuingia, acha, kesho ipo. Kama unajaza .223 nyingi sana kwa ajili ya mazoezi, baruti za mviringo zinapita kwenye kipimio kama mchanga mkavu na zinakuokolea muda.

Na 6.5 Creedmoor? .243?

Zinafanya kazi, kitabu kina vipimo vyake, hasa vichwa vyepesi na vya kati. Ila Creedmoor tangu ilipotoka 2007 watu wamezoea H4350 na wako sahihi, kwa vichwa vya greni 140 hiyo ndio mahali pake. .243 vilevile, vichwa vya 55 hadi 80 kasi ya wastani inatosha, vya 100 vinataka ya taratibu. Kama bunduki zako ni Creedmoor, .243 na .30-06 ya vichwa vizito, basi chupa yako moja iwe H4350 na sio Varget. Jibu linategemea kabati lako lina nini.

Kipimo kilichofanya vizuri kwenye .308 naweza kukihamishia kwenye .30-06? Vichwa si vilevile vya .30?

Hapana. Hapana kabisa. Vichwa ni vilevile, kipenyo .308 ya inchi zote mbili, lakini ganda la .30-06 ni refu, ukilipima ujazo kwa maji linabeba kama greni 68 wakati .308 ni kama 56. Ukitoa kipimo cha .30-06 ukakiweka kwenye .308 umevuka mpaka na unaweza kuvunja bunduki na uso. Kwenye meza yangu kila kaliba ina daftari lake na rangi yake ya karatasi, na daftari la kaliba nyingine halikai mezani wakati najaza.

Hata ndani ya kaliba moja, ganda la kijeshi la 7.62 mara nyingi ni nene ukutani kuliko la kiraia la .308, nafasi ndani ni ndogo, kwa hiyo presha inapanda kwa baruti kiasi kilekile. Ukibadilisha ganda, fataki, kichwa au hata namba ya uzalishaji ya baruti, unarudi chini kwenye kipimo cha kuanzia na kupanda tena kidogokidogo. Ndio maana sikuandikii namba hapa, maana namba yangu ni ya bunduki yangu, ganda langu na chupa yangu. Chukua kitabu cha Hodgdon, Hornady, Lyman au Sierra toleo la karibuni, au ukurasa wa vipimo wa mtengenezaji wa baruti, na sio picha ya daftari la mtu iliyotumwa WhatsApp.

H4895 na IMR 4895 si kitu kimoja? Namba ni ileile.

Sio kitu kimoja. Zimetokana na ukoo mmoja, zinakaribiana, lakini ni bidhaa mbili na kila moja ina kurasa zake. Vivyo hivyo kwa 4350, kuna ya H, ya IMR, na ya Accurate, tatu tofauti. 4831 nayo zipo mbili. Herufi za mbele ni sehemu ya jina, zisome kwa sauti ukiwa unafungua chupa, mimi nasoma kwa sauti kweli, mke wangu alishazoea.

Kwa hiyo fataki nayo ni moja kwa zote?

Hapo hapana. .308, .30-06, .243 na .375 zinatumia fataki kubwa za bunduki, .223 inatumia ndogo, na Creedmoor maganda yapo ya aina zote mbili kulingana na nani katengeneza. Nunua ile inayolingana na ganda lako, na usiweke fataki ya bastola kwenye ganda la bunduki hata kama inaingia.

Chupa moja inatoa risasi ngapi?

Ratili moja ni greni 7,000. Gawanya kwa chaji yako. Kwa hesabu ya kukadiria tu na sio kipimo cha kupakia, .223 inayokula kama 25 inakupa risasi 280, .308 inayokula kama 42 inakupa 166, .30-06 ya kama 47 inakupa 148. Mtu anayepiga risasi 40 za kulungu na 200 za mazoezi kwa mwaka anaweza kumaliza mwaka na ratili mbili. Kununua baruti moja kunakuwezesha kuchukua ile jagi kubwa ya ratili 8, bei kwa ratili inashuka, na ukiagiza mtandaoni kuna ada ya mzigo hatari ambayo inatozwa kwa boksi, ukiagiza kichupa kimoja ada inakula faida yote. Na jagi moja ni namba moja ya uzalishaji, kwa hiyo kipimo ulichokihangaikia kinakaa muda mrefu bila kuanza upya. Hicho ndicho wengi hawakifikirii.

Baridi ya Minnesota na joto la Texas vinabadilisha kitu?

Vinabadilisha. Baruti nyingi zikipata joto zinaongeza presha na mwendo, zikipoa zinapunguza. Mimi nakaa kwenye mti Novemba ipo chini ya sifuri halafu Julai napiga shabaha renji kwenye jua, ndio sababu nyingine nilichagua Varget, ipo kwenye kundi lililotengenezwa makusudi lisitikisike sana na hali ya hewa. Za mviringo kwa kawaida zinatikisika zaidi. Kaka wa Texas, kipimo ulichokipandisha hadi juu mwezi wa kwanza usije ukakipiga mwezi wa nane kutoka kwenye boksi lililoshinda ndani ya gari. Na usiache risasi ikakaa kwenye chemba iliyochemka.

Nina M1 Garand, nayo inakula hii?

Garand, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani inayojipakia yenyewe, ni ya .30-06 lakini sio .30-06 ya kawaida. Inachota gesi karibu na mdomo wa mtutu kusukuma fimbo ndefu, na ukiipa baruti ya taratibu sana presha inayofika pale kwenye tundu la gesi inakuwa kubwa mno na ile fimbo inapinda. 4895 na 4064 ndizo za asili yake, na vitabu vizuri vina ukurasa wa Garand peke yake, tumia huo, sio ukurasa wa .30-06 ya bolti, ile unayokokota kwa mkono.

Mtoto wangu ana miaka 12, .308 inampiga bega. Naweza kupunguza baruti?

Sio kwa kila baruti. Kuna baruti ukiipunguza sana haiungui sawasawa, na inaweza kuleta kichwa kukwama mtutuni au presha ya ajabu. H4895 ndiyo Hodgdon wenyewe wanaruhusu, unachukua kipimo cha juu walichoandika kwa H4895 kwenye kaliba hiyo na kichwa hicho, unazidisha kwa asilimia 60, na usishuke chini ya hapo. Kama kaliba yako haina H4895 kwenye orodha yao basi haikuhusu. Kwa semi-oto, bunduki inayojipakia yenyewe, jua tu kwamba inaweza isijirudishe. Binti wa rafiki yangu alipata kulungu wake wa kwanza na risasi ya namna hiyo, na kilichonifurahisha ni kwamba hakufumba macho wakati wa kuvuta.

Nimekuta baruti kwenye hopa (chombo cha baruti juu ya kipimio) na sikumbuki ni ipi.

Itupe. Usiinuse, usiilinganishe na nyingine kwa macho, hakuna binadamu anayezitambua hizi kwa kuangalia. Miaka ya mwanzo nilikuwa na chupa nne wazi mezani, jioni moja nikarudisha baruti ya hopa kwenye chupa ambayo sikuwa na uhakika nayo, nikalala, saa nane usiku nikashtuka. Asubuhi nilimwaga chupa zote mbili, zaidi ya dola 60 zikaenda juu ya nyasi, na nikavunja kwa nyundo ya kung'olea vichwa kila risasi niliyojaza siku ile. Tangu siku hiyo meza yangu ina chupa moja tu. Watu wanadhani nilienda kwenye baruti moja kwa ajili ya bei. Bei ni nzuri, lakini mimi nilienda huko kwa sababu huwezi kuchanganya kitu ambacho kipo kimoja.

Na kuna faida nyingine ya hizi za wastani. Chaji moja ya .308 inajaza sehemu kubwa ya ganda, ukijisahau ukaweka mara mbili inafurika mezani na unaiona. Baruti ya haraka ya bastola inaingia mara mbili hata tatu kwenye ganda la bunduki kimya kimya. Kama na bastola unarilodi, baruti yake ikae kabati lingine, chumba kingine ikiwezekana.

Niihifadhi wapi?

Kwenye chupa yake ya asili, pakavu, pa baridi, mbali na moto na watoto. Usiifungie kwenye kasha zito la chuma, ikiwaka inataka pa kupumulia, iliyobanwa ndiyo inageuka bomu. Kanuni za zimamoto zinazofuatwa sehemu nyingi huku ni ratili 20 nyumbani kwenye chupa za asili, zaidi ya hapo hadi 50 lazima sanduku la mbao la unene wa inchi moja, na fataki zisizidi 10,000. Mji wako unaweza kuwa mkali zaidi, uliza. Ikianza kunuka kama tindikali au kutoa vumbi jekundu imeharibika, mwaga.

Mimi sina uraia, naruhusiwa?

Swali hili linaumiza watu wetu, lisome taratibu. Mwenye grini kadi, sheria ya shirikisho haimzuii kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, na kuna misamaha michache, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa, hata risasi moja mfukoni ni kesi ya shirikisho na ni kufukuzwa nchini. Kwa hiyo usimwachie mgeni wako mwanafunzi akusaidie kujaza kabla hujamuuliza wakili wa uhamiaji. Kujaza kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho, ila ukianza kuuza, hata kwa marafiki wa kanisani, hiyo ni biashara ya kutengeneza risasi na ina leseni yake.

Nikirudi nyumbani naweza kuendelea?

Usibebe kitu. Sio baruti, sio fataki, sio ganda tupu lililosahaulika kwenye mfuko wa koti, kagua koti lako la kuwindia kabla ya safari. Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977 na risasi zinabanwa na Sheria ya Silaha. Tanzania kuna sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa kubwa. Wageni wanaokuja kuwinda nyati kwa kampuni za Tanzania wanakuja na .375 zao na risasi walizotangaza kwenye karatasi, na baadhi yao risasi hizo wamejaza wenyewe kwao.

Lini baruti moja haitoshi?

Ukiongeza 7mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum au 6.5 PRC, hapo unataka ya taratibu na usiilazimishe Varget. Ukiongeza .300 Blackout unakwenda upande wa pili kabisa, ile inataka ya haraka. Nunua chupa ya pili kwa amani, ila itoe kabatini ile nyingine ikiwa imesharudi ndani na kufungwa.